Boti ikiwa juu ya trela ni mzigo au ni chombo? Barua kutoka Sahare, Tanga

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Sahare hapa Tanga mjini. Naomba nafasi kwenye gazeti lenu, najua barua ndefu huwa mnazipunguza ila hii naomba muiache ilivyo, maana wiki hizi mbili simu yangu haitulii, watu wanapiga wote swali ni lilelile, safari ya boti ya Kenya mwaka huu ipo au haipo, na mtu akitaka kujiunga aanzie wapi. Kumjibu mmoja mmoja siwezi. Na pia nina ombi kwa wakubwa wa pande zote mbili za mpaka, nitalisema huko chini.

Safari ipo.

Kwa asiyetujua, sisi ni kikundi tu cha watu wenye boti ndogo, wengi wa hapa Sahare na Raskazone, wengine Deep Sea, na wawili wanatoka Moa kule karibu na mpaka. Boti zetu ni ndogo kwelikweli, boti za faiba za mita nne mita tano, dingi mbili, yaani viboti vya wazi vya tanga, na ngalawa moja. Kila boti inapandishwa kwenye trela yake, trela inafungwa nyuma ya gari, tunakwenda kwa barabara mpaka Shimoni upande wa Kenya, tunashusha majini, tunakaa siku nne tano tunazunguka visiwa vya Wasini na Kisite, usiku tunalala kwa wenyeji halafu tunarudi. Hatuendi kuvua na hatupakii mtu kwa nauli, hilo naomba lieleweke mapema kwa sababu ukianza kuvua kwenye maji ya watu au kubeba abiria hiyo ni habari nyingine kabisa na vibali vyake ni vingine.

Wengi wananiuliza, sasa kwanini msipite baharini wakati bahari ni moja? Ni kweli wazee wetu walikwenda hivyo, Tanga kwenda Vanga mpaka Wasini ilikuwa kama mtu anakwenda sokoni, Wadigo wako huku na huku, mtu ana shangazi Moa na mjomba Vanga, mpaka wenyewe Waingereza na Wajerumani waliugawa huko kwao mwaka 1886. Lakini mimi boti ya mita nne na nusu yenye watoto ndani siipeleki nje ya miamba kutwa nzima eti kwa sababu babu yangu alikwenda, babu alikuwa na mashua na muda wa kusubiri. Sisi mtu kapewa likizo siku saba, upepo wa kusi ukikaza siku tatu likizo yote imeishia Moa anaangalia mawimbi. Na ukipita baharini vilevile unatakiwa uage huku bandarini na ukapokelewe kule bandarini, huwezi kujiibukia tu ufukweni. Kwa barabara Tanga mpaka Horohoro mpakani ni kilomita 65, lami, halafu unavukia Lunga Lunga upande wa Kenya, na kote tunaendesha kushoto kwahiyo dereva hachanganyikiwi. Asubuhi umetoka Sahare, jioni ukipanga vizuri unanawa miguu Shimoni.

Ukipanga vizuri. Hapo ndipo penyewe.

Mwaka jana tulitoka na trela tano. Watu tulikuwa kumi na moja, magari matano, tumebeba chakula, mahema, mafuta ya kupikia, kila kitu, yaani kwa macho ungesema hawa wamejipanga. Tukafika mpakani saa nne kasoro. Ofisa mmoja, kijana mpole tu, akatoka akazunguka zile trela polepole, akashika ubavu wa boti ya kwanza akauliza, "Mzee wangu, hii ni mzigo ama ni chombo?" Mimi nikajibu chombo, na mwenzangu nyuma yangu papo hapo akajibu mzigo.

Naomba msomaji alitazame vizuri hili swali maana safari nzima iko hapo. Boti ikiwa mzigo basi ni bidhaa unaingiza nchi ya watu, inataka wakala wa forodha, inataka kuthaminiwa, inataka kodi. Ikiwa ni chombo chako cha matembezi kinaingia kwa muda na kutoka, unaombewa kibali cha muda kama vile linavyoombewa gari, na siku ya kurudi kibali kinafungwa. Ofisa hakuwa na kosa kuuliza. Kosa lilikuwa letu, watu watano wenye boti tano tulikuja na karatasi za aina tano, mmoja ana risiti ya kununulia tu, mwingine ana leseni ya boti imeisha muda, mwingine kadi ya gari ina jina la kaka yake na hana hata barua kwamba kaka kamruhusu kutoka nalo nje ya nchi. Ikabidi tuhojiwe mmoja mmoja. Halafu wakafika kwenye trela, wakauliza namba. Trela mbili hazikuwa na namba. Zilichomelewa hapahapa Tanga na fundi wa mtaani, kazi safi, chuma kizito, lakini hakuna aliyezipeleka kusajiliwa, sisi tulidhani trela inatembelea namba ya gari linaloivuta. Hapana jamani, trela ina usajili wake, ina namba yake na kadi yake, na bima nayo inatakiwa iijue.

Moja ya hizo trela mbili ilikuwa imebeba ngalawa ya mzee wetu wa Moa.

Nataka niieleze ile ngalawa. Mtumbwi wa mwembe, kauchonga mwenyewe, wiki nzima kabla ya safari alikuwa anaupaka sifa, yaani mafuta ya papa, mpaka mtaa mzima unanuka papa. Njiani aliufunika magunia yaliyolowa, na kila tuliposimama alishuka na dumu lake anamwagia maji magunia yale taratibu, kuanzia omo mpaka tezi, yaani mbele mpaka nyuma, kwasababu mti uliozoea maji ukikaa juani unapasuka. Marengu, yale mabawa ya mbao ya pembeni, na miti yake kayafungua kayafunga juu kwa kamba ya nazi, tanga kalikunja kichwani. Pale mpakani tulikaa kuanzia hiyo saa nne mpaka saa tisa, na yule mzee kila baada ya muda anakwenda kuomba maji bombani anarudi anamwagia ngalawa yake. Ilipojulikana trela yake haivuki hakubishana na mtu. Akatuambia, "Nendeni wanangu, mkikaa hapa wote maji yatawakupwea huko mbele." Akageuza na mwenzake mwenye trela ya pili, wakarudi Moa.

Sisi watatu tukaenda. Tuliona pomboo Kisite, tulikula vizuri Wasini, watu walitupokea kama ndugu, lakini kila jioni tukikaa mtu analeta habari ya yule mzee. Mimi ile safari siihesabu kama tulifika. Tuliporudi tukakubaliana mbele ya mzee mwenyewe kwamba safari ijayo mmoja akikwama sote tumekwama, hakuna kumwacha mtu mpakani. Na ukishasema hivyo maana yake karatasi za mwenzako ni karatasi zako, ndio maana mwaka huu tumeanza nazo miezi mitano kabla, boti zenyewe tutazigusa baadaye.

Kwahiyo anayetaka kujiunga asije kuniambia boti yangu iko vizuri, aje na bahasha. Ndani ya bahasha tunataka tuone pasi ya kila mtu anayekwenda, asiye na pasi akaombe hati ya dharura ya kusafiria Uhamiaji mapema, watoto nao wawe na zao, kitambulisho cha taifa peke yake kwetu sisi Watanzania kuingia Kenya hakitoshi, msidanganyane na hadithi za Waganda na Wanyarwanda wao wana makubaliano yao. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano wekeni pia. Kadi ya gari, kama gari si lako barua ya mwenye gari. Kadi ya trela. Bima ya kuvuka mpaka, ile Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania ilishajitoa COMESA lakini kadi hiyo bado tumo na kampuni za bima zinaitoa, na ukiikata mwambie wakala kabisa kwamba gari litavuta trela na umpe namba ya trela, usimwachie akisie. Halafu karatasi za boti yenyewe, usajili na cheti cha ukaguzi cha TASAC, wale wanaosimamia vyombo vya majini, kiwe hakijaisha muda mpaka siku ya kurudi na siyo mpaka siku ya kwenda.

Na kuna kitu kimoja watu wanakidharau, namba ya mashine. Ile mashine ya nyuma ya boti ina namba yake imegongwa kwenye kibati, iandikeni kwenye orodha, piga na picha, pamoja na redio, GPS na jenereta kama unayo. Orodha igongwe muhuri wakati wa kutoka nchini. Bila hivyo siku ya kurudi mtu ana haki ya kukuuliza mashine hii umeinunua Mombasa? utajibu nini, utaonyesha nini? Mwenzetu mmoja tuliporudi aliwekwa saa nzima kwa mashine aliyoinunua hapa Tanga miaka sita iliyopita.

Nikitoka kwenye karatasi nakuja kwenye trela, na hapa naongea kama fundi maana ndiyo kazi yangu. Watu wanaangalia boti hawaangalii kinachoibeba. Trela ya boti inaishi maisha magumu kuliko trela yoyote, inakimbia lami kwenye joto halafu inaingizwa kwenye maji ya chumvi. Ukifika ufukweni habu, yaani vitovu vya magurudumu, zina joto, weka kiganja utasikia, sasa ukiirudisha moja kwa moja majini ile hewa ya ndani inapoa ghafla inasinyaa, inavuta maji ya chumvi kupitia kwenye sili, ile pete ya mpira ya kuziba, yanachanganyika na grisi, grisi inakuwa nyeupe kama maziwa, beringi inaanza kuoza kimyakimya. Hutaona kitu siku hiyo. Utaona siku ya kurudi katikati ya safari, gurudumu linaanza kulia, halafu linatoa moshi, halafu linatoka. Kwahiyo ukifika, subiri. Nusu saa au zaidi, kunyweni chai, fungeni mlingoti, habu ipoe kwanza ndipo uingie majini. Ukitoka majini mwagia maji baridi kila mahali, na kabla ya safari ya kurudi pampu grisi mpya. Beba beringi za akiba na sili zake za saizi ya trela yako na siyo ya trela ya mwenzako. Spea tairi ya trela pia, tairi ya Hilux haiingii kwenye kitrela kile, na jeki ijaribiwe nyumbani kama inafika chini ya ekseli.

La pili ni uzito wa mbele. Trela ikiwa nzito nyuma inachezesha gari, dereva akifika kilomita 70 kwa saa mkia unaanza kupiga huku na huku na akikanyaga breki kwa hofu ndio anaharibu kabisa. Mzigo ukae hivi kwamba mkono wa trela ulalie gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote, trela na boti yake zikiwa kilo 400 basi kama kilo 40 ziwe pale mbele. Kupima ni rahisi, weka ule mkono juu ya mizani ya kupimia watu ukiwa umeinua usawa wa gari. Mashine itoeni nyuma ya boti ipakieni garini, mafuta na nanga visogezeni mbele. Minyororo ya usalama ivukane chini ya mkono. Taa za breki na indiketa za trela zijaribiwe kabla ya kutoka na kila mkisimama, ukiingia majini chomoa plagi ya taa kwanza. Simama baada ya kilomita kumi za mwanzo ukaze nati na mikanda, maana mikanda yote inalegea mwanzo, kila mara, hata ukaze namna gani.

Ngalawa mnayoiona ya kizamani ndiyo boti bora kuliko zote kwa safari hii, na naisema mimi ninayetengeneza faiba. Waliobuni ngalawa hawakuijua trela lakini walitengeneza chombo kinachofunguka, fungua marengu, laza mlingoti na foromali, mti wa kushikia tanga, juu, umebaki na mtumbwi mwembamba kama mkuki ambao hauzidi upana wa gari wala haukamati upepo. Dingi ya kutoka nje yenye bei ya kiwanja haikupi hivyo. Kinachotakiwa ni vitanda vya magunia mahali mtumbwi unapolalia, usilalie chuma, na kivuli na maji kama alivyofanya mzee.

Kuhusu kwenda pamoja. Wenzetu wa Ulaya wamezoea mambo haya, kule Ufaransa kwenye ghuba ya Morbihan, jina lake kwa Kibretoni, lugha ya wenyeji wa pale, maana yake bahari ndogo, tangu mwaka 2000 kuna wiki ya boti kila baada ya miaka miwili, na watu wanatoka Uingereza na kwingine wanavuta boti zao kwa trela, wanavuka na feri, wanafika mamia kwa mamia. Maji ya pale yanakimbia sana kwenye milango ya ghuba kwahiyo safari za kila siku zinafuata kujaa na kupwa. Kitu nilichokipenda ni kwamba boti zinagawanywa makundi, za makasia na tanga ndogo kundi lao, kubwa kundi lao, kila kundi na njia yake, na hakuna anayemkimbiza mwenzake. Na hao nao tangu nchi ya Uingereza itoke Umoja wa Ulaya mambo ya forodha yamewazidi, wanabeba karatasi za boti kama sisi. Sisi ni wachache hatuna haja ya makundi mengi, ila tumechukua lile wazo, barabarani gari lenye trela dhaifu ndilo linatangulia na linaamua mwendo, wengine wote nyuma yake, mwisho linakaa gari lenye fundi na vifaa. Mwendo hauzidi 60. Kila kilomita 30 tunasimama kushika habu kwa mkono. Majini hivyohivyo, ngalawa na dingi zinatangulia, mashine zinakaa nyuma na pembeni.

Siku gani? Hapa nimebishana na watu wengi. Wengine wanataka twende bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, kwasababu mwezi mpevu unapendeza. Mimi nasema maji mafu, siku yanapopanda na kushuka kidogo. Pwani yetu hii wakati wa bamvua maji yanajaa saa kumi, halafu ikifika saa nne yamekupwa kabisa, yaani saa nne asubuhi watu mnataka kushusha boti mbele yenu kuna matope na mawe mita mia kadhaa, bahari inashuka mita tatu na zaidi, trela ikiingia pale haitoki mpaka iletewe trekta. Maji mafu ni kinyume, asubuhi saa nne ndio maji yako juu na hayatembei sana, mkondo pale kati ya Wasini na Shimoni unakuwa mpole kwa watoto na kwa wanaojifunza tanga. Na msimu uwe pale kusi likishapoa kabla kaskazi haijakaza, mwezi wa kumi kuingia wa kumi na moja, mvua za vuli zipo lakini mvua haizamishi boti. Aprili na Mei tusahau, tuliona kimbunga Hidaya Mei 2024 huko kusini kwetu. Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tunausoma kila asubuhi, na wakisema msitoke hatutoki.

Vitu vya majini navipita haraka. Laifujaketi kila mtu na ya saizi yake, mtoto asivalishwe ya baba. Kopo la kutolea maji botini, makasia hata kama una mashine mbili, nanga yenye kamba ya kutosha, tochi, redio kwa wenye nayo na chaneli 16 ndiyo ya dharura, Mombasa kuna kituo cha uokoaji cha kanda. Laini ya simu ya Kenya nunueni mkivuka tu. Kisite ni hifadhi ya taifa ya bahari, inalipiwa kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na tangu Juni 2020 Kenya wamekataza plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi zao, kwahiyo chupa za maji za dukani acheni nyumbani bebeni madumu na vikombe, mifuko ya plastiki ndio kabisa, wenzetu waliipiga marufuku 2017 na sisi 2019. Petroli ya madumu msivuke nayo, jazeni kule.

Sasa ombi langu, na naliandika kwa heshima zote. TRA na wenzenu KRA, TASAC na wenzenu wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na Uhamiaji wa pande zote. Kituo cha Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja, mmeshakaa chumba kimoja, mmeturahisishia mengi na tunashukuru. Tunaomba kikaratasi kimoja tu, ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kibandikwe ukutani na kiwekwe kwenye mtandao, kinachojibu lile swali la yule kijana: boti ndogo ya mtu binafsi iliyo juu ya trela, inayoingia kwa siku chache na kutoka, ni mzigo au ni chombo, inajaziwa fomu gani, dhamana inatakiwa au haitakiwi, na nani anaikagua. Basi. Msione tunaomba upendeleo, tunaomba tujue kabla hatujatoka nyumbani. Mvuvi wa Moa hawezi kulipa wakala ili tu amuulizie. Na wenzetu wa Vanga, Shimoni na Kilifi nao wangependa kuja Tanga na boti zao waione visiwa vya Toten na Ulenge na magofu ya Tongoni, wameniambia wenyewe kinachowazuia ni hilohilo. Watu wakija wanalala, wanakula, wananunua mafuta, mji unapata.

Sisi hatukusubiri kikaratasi. Tumeshaandika barua mbili, moja ya huku moja ya kule, tumeambatanisha orodha ya boti zote na picha, namba za trela, namba za mashine na majina ya watu, tumeuliza swali letu kwa maandishi tujibiwe kwa maandishi. Majibu yakija nitayaleta kwenu Mhariri muyatoe ili yasaidie na wengine.

Na halmashauri ya jiji letu, naomba kidogo tu, mteremko wa zege wa kushushia boti ulio wazi kwa kila mtu. Sasa hivi asiye na rafiki mwenye mahali pa kushushia anaburuza boti mchangani na kamba na mabega ya vijana, na trela nyingi tumezivunja hapo.

Kwa wanaotaka kujiunga, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao saa mbili asubuhi tunakagua trela ufukweni hapa Sahare, njooni na trela zikiwa na boti juu yake, na bahasha mkononi, atakayekosa kitu tutamwonyesha pa kukipata na muda bado upo. Nafasi ni trela nane, tano ni za walewale wa mwaka jana. Mwaka kesho Mungu akipenda tunataka Kilifi, siku hizi pale Mombasa kuna barabara ya Dongo Kundu, mtu haingii na trela kwenye feri ya Likoni, lakini kwanza Shimoni tufike wote.

Trela ya mzee wa Moa imepata namba. Juzi alipita nayo karakana tukaigonga kibao nyuma kwa riveti nne, na amesema mwaka huu yeye ndiye atatangulia.

Msomaji wenu,
Fundi boti,
Sahare, Tanga.